Bwawa la Minaki: Fedha ipo nje ya geti, mtaji upo msituni

JUMAMOSI asubuhi, katika barabara inayotoka Gongo la Mboto kupitia Pugu kwenda Kisarawe, kuna misafara miwili inayopishana. Ule unaoshuka kuingia jijini umebeba mihogo, embe, kuni na, mara nyingi chini ya turubai, magunia ya mkaa. Ule unaopanda umebeba watu: familia, wanafunzi, vikundi vya vijana wenye mahema, wanaokwenda kupumzika msituni na kando ya bwawa la Minaki.

Misafara yote miwili inategemea miti ileile. Wa kwanza unaiondoa, wa pili unaifuata.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Pugu, Chanika, Msongola, Chamazi au Kisarawe, swali la msingi ni moja: kati ya misafara hiyo miwili, ni upi unaoacha fedha nyingi nyumbani kwake, na kwa muda gani?

Msitu uliozungukwa na jiji

Bwawa la Minaki limo katika vilima vya Pugu, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, mpakani mwa jiji la Dar es Salaam na Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani. Si bwawa kubwa. Ukililinganisha na Mtera au Nyumba ya Mungu, ni kama ndoo mbele ya pipa. Lakini lipo karibu na mamilioni ya watu wasio na mahali pengi pa kwenda mwishoni mwa juma zaidi ya ufukweni.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilihifadhiwa tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mwaka 2020 iliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Hadhi hiyo, ambayo hapa nchini ilianza na msitu wa Amani mkoani Tanga mwaka 1997, ni ya ulinzi mkali: hairuhusu kuvuna mbao wala kuchoma mkaa. Kinachoruhusiwa ni matembezi, utafiti, mafunzo, na shughuli zisizoua mti, kama vile ufugaji nyuki kwa kibali.

Wageni huenda kupanda boti bwawani, kupiga kambi, kutazama ndege na kutembelea mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, udongo mweupe unaotumika katika vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Mapango hayo sasa ni makazi ya popo. Jirani kuna shule mbili kongwe, Minaki na Pugu, na hiyo ya pili ndiyo Mwalimu Julius Nyerere aliyokuwa akifundisha kabla ya kujiuzulu ualimu mwaka 1955 ili kuongoza TANU.

Usafiri nao umekuwa rahisi. Treni ya umeme ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ina kituo Pugu. Mkazi wa Mbagala anaweza kufika kwa kupitia Chamazi, Msongola na Chanika bila kugusa katikati ya jiji. Kwa lugha ya biashara, soko limesogea mlangoni.

Bwawa huanzia mlimani

Wengi hudhani bwawa ni ukuta na maji. Ukweli ni kwamba bwawa huanzia juu yake, kwenye miteremko ambako mvua hudondokea. Mteremko ukiwa na miti na majani yaliyooza, maji hunywewa na ardhi na kutoka taratibu. Ukiwa mtupu, maji hushuka kwa kasi yakiwa na udongo, na udongo huo hutulia chini ya bwawa. Mwaka hadi mwaka kina kinapungua, hadi bwawa linakuwa tope.

Mfano wa karibu ni bwawa la Mindu, linalotegemewa na mji wa Morogoro tangu miaka ya 1980. Kilimo cha miteremkoni, ukataji miti na uchimbaji wa madini katika maeneo ya juu yake vimelipunguzia kina kwa kulijaza mchanga na tope.

Mfano wa mbali ni Kansas, jimbo la nyika na ngano katikati ya Marekani. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1951, serikali ya nchi hiyo ilijenga ukuta katika mto Big Blue, na bwawa la Tuttle Creek likakamilika mwaka 1962. Wakulima wa bonde hilo walipinga kwa nguvu, hadi kutuma ujumbe wa akinamama Washington, lakini walishindwa. Mji mdogo wa Irving ulikufa na ule wa Randolph ukahamishwa.

Leo kando ya bwawa hilo kuna hifadhi ya jimbo ambako wenye magari hulipia kibali cha kuingia, huvua samaki na kupiga kambi, na maduka ya miji ya jirani huwauzia mafuta, barafu, chambo na chakula. Hata hivyo, karibu nusu ya nafasi ya kawaida ya kuhifadhi maji katika bwawa hilo imejaa udongo ulioletwa na mto kutoka mashamba ya juu. Taifa tajiri lenye mitambo yote limejikuta likihangaika na tope. Bwawa dogo la Minaki halina ubavu wa kusubiri hali hiyo.

Faida ya msitu wa Pugu haiishii bwawani. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo, unapita Vingunguti, Tabata na Jangwani hadi baharini karibu na daraja la Salender. Wakulima wa mchicha na matembele wa bonde hilo wanajua maana ya mto kufurika ghafla. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Jiji lililojaa sakafu na mabati ndiyo sababu kubwa ya maji kushuka kwa kishindo, lakini kila mteremko unaovuliwa miti huongeza uzito wa tatizo.

Hesabu ya mkaa

Ni rahisi kumlaumu mchoma mkaa. Ni vigumu zaidi kukaa naye chini na kupiga hesabu.

Soko lake ni kubwa. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kuwa Tanzania ilitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ilitumika Dar es Salaam. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka. Msitu ulio kando ya jiko kubwa namna hiyo hauwezi kukosa wanaoutamani.

Lakini fedha hiyo haibaki kwa anayekata mti. Tuseme, kwa mfano tu, watu wawili wanatengeneza tanuru la udongo na kupata magunia 10 ya kilo 50, wanayouza porini kwa sh. 25,000 kila moja. Mapato ni sh. 250,000. Kukata, kupanga magogo, kufukia, kulinda moto na kupakia kunawachukua siku 14. Kila mmoja akijihesabia ujira wa sh. 8,000 kwa siku, kazi yao ina thamani ya sh. 224,000. Kinachobaki ni sh. 26,000.

Kwa maneno mengine, wamejilipa kibarua. Mti wenyewe wameutoa bure kwa mwenye lori.

Na mti huo si kidogo. Tanuru la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kwa wastani wa kilo 15, magunia hayo 10 yamekula zaidi ya tani tatu za kuni. Ongeza kwamba mkaa wa ndani ya hifadhi ni haramu: siku wanayokamatwa, mzigo, baiskeli au pikipiki huenda vyote, na faini juu.

Sera nayo inabana soko. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo linaweza kuchelewa, lakini mwelekeo uko wazi. Kijana anayejifunza uchomaji mkaa leo anajifunza kazi ambayo serikali inaifungia mlango.

Hesabu ya asali

Sasa weka kando ya hesabu hiyo kikundi cha watu watano chenye mizinga 20 ya kisasa pembezoni mwa msitu, karibu na maji. Nyuki huhitaji vitu viwili, maua na maji, na eneo hili lina vyote.

Si kila mzinga hupata nyuki. Tuseme mizinga 12 imeingiwa, kila mmoja unatoa kilo 10 kwa mavuno, na mavuno ni mawili kwa mwaka. Hiyo ni kilo 240. Zikiuzwa kwa sh. 8,000 kwa kilo, mapato ni sh. 1,920,000.

Gharama zipo. Mizinga 20 kwa sh. 70,000 ni sh. 1,400,000, na ikidumu miaka saba, gharama ya mwaka ni sh. 200,000. Mavazi ya kujikinga, bomba la moshi na ndoo yanaweza kula sh. 100,000 kwa mwaka. Chupa na lebo, kwa sh. 1,000 kila kilo, ni sh. 240,000. Siku 40 za kazi kwa ujira uleule wa sh. 8,000 ni sh. 320,000. Kinachobaki ni sh. 1,060,000.

Mfugaji asidanganyike na hesabu hiyo: mwaka wa kwanza mavuno huwa haba, na mizinga mingine hubaki mitupu kwa miezi. Bei na mavuno ya kweli kila kikundi kiyapime chenyewe. Lakini tofauti ya msingi haibadiliki. Baada ya tanuru, mti haupo. Baada ya asali, mti upo, nyuki wapo, na mwakani hesabu inaanza tena.

Ukiwa na kibali, mizinga inaweza kuwekwa hata ndani ya msitu wa hifadhi. Kikundi kianzie ofisi ya TFS na kwa ofisa nyuki wa wilaya kabla ya kununua mzinga hata mmoja.

Sahani 30 au 12?

Kiingilio kinacholipwa getini huenda serikalini, na jirani wa msitu asikihesabu kuwa ni chake. Fedha yake ipo nje ya geti: chakula, matunda, usafiri, asali, miche, ulinzi wa magari, na maelezo ya kijana anayeijua njia.

Hapa ndipo wajasiriamali wengi hukosea. Huona magari mengi siku moja ya sikukuu, wakafungua kibanda, kisha wakafunga baada ya miezi miwili wakidai hakuna biashara.

Chukua mfano wa mama lishe anayepika sahani 30 kwa gharama ya sh. 75,000 na kuuza kila sahani kwa sh. 4,000. Zikiisha zote anapata sh. 120,000, faida sh. 45,000. Mvua ikinyesha, wageni wakawa wachache, akauza sahani 12 tu, anapata sh. 48,000. Amepoteza sh. 27,000. Siku moja mbaya imemeza zaidi ya nusu ya faida ya siku moja nzuri.

Dawa yake si kupika kidogo kwa woga. Dawa ni kupika kwa oda. Vikundi vya shule, makanisa, misikiti na maofisi hupanga safari siku kadhaa kabla. Mama lishe ambaye namba yake ya simu ipo kwa waongoza wageni, na aliyepokea malipo ya awali, hapiki kwa kubahatisha. Siku za kawaida anaweza kuuza vitu visivyoharibika haraka: korosho za kukaanga, mihogo mikavu, asali, ubuyu.

Tatizo la pili ni kwamba mgeni wa jijini huja na chakula chake. Hawezi kulaumiwa ikiwa hajui kama atakuta chakula kisafi. Maji ya kunawa, choo, sahani zilizofunikwa na bei iliyoandikwa ubaoni huuza kuliko kupiga kelele barabarani. Na mgeni ambaye tayari amebeba pilau lake bado atanunua dafu, embe au nyama ya kuchoma, hasa kwa kuwa mnada mkubwa wa mifugo wa Pugu upo jirani.

Samaki si wa kuchota

Wapo wanaoliangalia bwawa na kuwaza nyavu. Historia ya Nyumba ya Mungu, bwawa lililojaa maji mwishoni mwa miaka ya 1960 katika mto Pangani, inafundisha. Mwaka 1970 lilitoa zaidi ya tani 25,000 za samaki, na wavuvi wakamiminika kutoka kila upande. Ndani ya miaka michache mavuno yakaanguka vibaya. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2016, serikali ililazimika kusimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wapate kuzaliana.

Bwawa jipya hufuga samaki wengi kwa sababu ya rutuba ya ardhi iliyozama. Rutuba hiyo ikiisha, bwawa hurudi kwenye uwezo wake halisi. Bwawa dogo kama Minaki haliwezi kulisha soko. Linaweza kumpa mgeni raha ya kutupa ndoano kwa utaratibu wa hifadhi. Anayetaka biashara ya samaki achimbe bwawa lake shambani, afuge perege au kambale, na awauze wakiwa wabichi au wamekaangwa kwa wageni haohao.

Mshindani mwingine ni kiwanja

Mkaa si adui pekee. Katika Chanika, Zingiziwa na Msongola, shamba la mihogo linageuka viwanja kila siku. Mkulima anayeuza eka moja hupata fedha nyingi kwa mkupuo, na ni haki yake. Lakini nyumba zikifika mpakani mwa msitu, kuni, taka na njia za mkato hufuata. Msitu uliozungukwa na kuta hauna pa kupumulia.

Kwa wenye mashamba yanayopakana na hifadhi, ipo njia ya kati: kubakiza sehemu ya shamba yenye mikorosho, miembe na mizinga, na kuitumia kama eneo la kupumzikia wageni, maegesho au kambi ndogo. Shamba la namna hiyo lina thamani kwa sababu lipo kando ya msitu. Msitu ukiisha, linabaki kiwanja kama kingine chochote.

Yapo pia malalamiko ya haki. Nyani na nguruwe pori hula mahindi na mihogo ya majirani, na anayeamka akakuta shamba limefukuliwa hawezi kuambiwa apende hifadhi bila kuona faida yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu makubaliano ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na jamii zinazopakana na misitu. Makubaliano hayo yawe na mambo yanayohesabika: idadi ya mizinga, nafasi za vijana kuongoza wageni, sehemu ya kuuzia bidhaa, na nani analipwa kulinda mpaka. Ahadi ya "faida kwa jamii" isiyo na tarakimu haimzuii mtu kushika shoka.

Wanaoanza

Mwenye nia ya kuanza hahitaji mtaji mkubwa. Aanze katika kikundi kilichosajiliwa, maana ndicho kinachoweza kuomba kibali cha mizinga na mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hutolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Atembelee hifadhi Jumamosi nne mfululizo, ahesabu magari, aulize wageni walikosa nini, ndipo achague bidhaa. Aandike mauzo ya kila siku kwa miezi mitatu kabla ya kupanua.

Wakazi wa upande wa Kinondoni na Ubungo wanaweza kufanya hesabu hiyohiyo katika pori la akiba la Pande, karibu na Mabwepande. Halina bwawa kama la Minaki, lakini nalo ni kipande cha msitu wa pwani kilichobanwa na jiji, na majirani zake wanakabiliwa na uamuzi uleule.

Katika vilima vya Pugu, mtaji wa biashara zote hizi haukopeshwi na benki. Umesimama kwenye mteremko, umeshika udongo usiingie bwawani. Mchoma mkaa huutumia mara moja kwa sh. 26,000. Mwenye mizinga, jiko safi na daftari la mauzo anaweza kula riba yake kila mwaka, na akawaachia watoto mtaji ukiwa mzima.